Matoleo Arobaini na Moja ya Wimbo wa Shiru

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchanganya muziki lilikuwa kudhani kwamba pumzi ni uchafu.

Nilijifunza hivyo kwenye simu, peke yangu, nikitazama video za watu waliokaa katika vyumba vilivyobandikwa sponji kila ukuta. Mmoja wao alikuza picha ya sauti ya mwimbaji, akaonyesha vilima vidogo vya pumzi vilivyokuwa kati ya maneno, akavifuta kimoja baada ya kingine. Nilipenda sana. Mimi ni mtu wa usafi. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa napiga pasi mpaka soksi, na dada yangu amenicheka kwa hilo miaka yote. Basi kesho yake asubuhi nilichukua wimbo wa kijana mmoja wa mtaa wa Umoja aliyekuwa amerekodi kwangu, nikafuta kila pumzi. Dakika tatu na nusu za mtu asiyevuta hewa. Alipokuja aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kifua.

"Buda, mbona nikisikiliza hii nahisi kama nazama?"

Nilidhani ni sifa.

Mimi si mzee. Nina miaka thelathini na nne. Lakini kazi ya kuchanganya nyimbo na kuzimalizia, ile ya mwisho ambayo sisi huita masta, nimeistaafu. Nikisema nimestaafu, vijana wanaokuja kwenye kibanda hapa sokoni Muthurwa hucheka, wananiuliza pensheni inalipwa lini. Siku hizi natengeneza spika katika kibanda cha Mama Rashid. Naunganisha nyaya zilizokatika, nabadilisha karatasi zilizopasuka, nawauzia watu redio. Vijana wanajua nilichokuwa nafanya, kwa hiyo wanakuja na simu zao. Macha, besi yangu haishiki. Macha, wimbo wangu uko chini kuliko za wengine. Macha, hii programu inayomaliza masta yenyewe kwa dakika moja ni nzuri ama ni utapeli? Nawajibu nikiendelea kushika chuma cha kuchomea. Lakini kuna jambo moja siwezi kulisema nikiwa na wateja mbele yangu, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Vumilieni, nitafika huko. Nikianza nalo moja kwa moja nitaacha kuandika.

Nianze na Mama Rashid, kwa sababu ndiye mwalimu wangu, ingawa hajawahi kugusa kompyuta. Ameuza redio na spika Muthurwa tangu mumewe alipofariki, na hakuna sauti mbovu duniani ambayo hajaisikia. Nilimjua nilipompelekea ngoma yangu kwenye flashi nikimwomba aicheze pale nje watu waisikie. Nilikuwa nimeichanganya wiki tatu kwa hedifoni. Kwenye hedifoni besi ilikuwa inatembea kama mtu mzito kwenye nyumba ya juu. Mama Rashid alichukua flashi, akaichomeka kwenye redio ndogo ya mkononi, ile ambayo mama mboga huinunua aiweke kando ya nyanya. Akasikiliza.

"Wimbo mzuri," akasema. "Lakini kijana, mpiga besi hakuja?"

"Yuko, Mama. Ni hiyo redio ndogo."

"Hii redio ndogo nimeuza tano leo. Hizo spika kubwa unazotaka, mwezi huu sijauza hata moja. Sasa aliyekosea ni nani, mimi au wewe?"

Kisha akanionea huruma, akaiweka kwenye spika kubwa. Kule tatizo likawa la upande mwingine. Ilinguruma mpaka rafu zikatetemeka, na jirani anayeuza mabeseni akapaza sauti: "Mama Rashid, zima hiyo jenereta, kuna watu wanafanya biashara!"

Niliyojifunza siku ile ndiyo haya, na yatawasaidia kuliko video nyingi. Besi ya chini kabisa haisikiki kwenye spika ndogo, hata uiongeze namna gani. Ipe ukali kidogo, mkwaruzo kidogo kule juu yake, na sikio la msikilizaji litajaza sehemu inayokosekana. Teke la ngoma, ule mpigo mzito wa chini, na besi wakigombania nafasi moja, mmoja ampishe mwenzake kila anapoingia. Ondoa besi katika kila sauti isiyoihitaji. Na kabla ya kwenda kwenye spika za bei, sikiliza kwenye simu, kwa sauti ya chini, ukiwa unafanya kitu kingine. Ukiosha vyombo na bado unasikia mwimbaji anasema nini, umefika mahali. Ikibidi uache vyombo ndipo usikie, rudi.

Kuhusu sauti kubwa pia nilikosea. Kulikuwa na wakati nilikuwa nasukuma masta mpaka picha yake kwenye skrini inakuwa tofali. Siku moja kijana mcheza santuri aliicheza ngoma yangu kwenye sherehe ya kuzaliwa huko mtaa wa Tena, ninakoishi. Kabla yake watu walikuwa wakicheza. Ilipoanza yangu wakaketi mmoja mmoja kama walioambiwa tuombe. Haikuwa na pa kupanda wala pa kushuka. Kila kitu kilikuwa juu, kwa hiyo hakuna kilichokuwa juu. Acheni nafasi. Na msimalize masta siku ile ile mliyochanganya; sikio lililochoka husifu kila kitu au hukataa kila kitu. Langu lilikuwa la kukataa.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Shiru amenizidi miaka sita. Tulilelewa mtaa wa Kaloleni, katika nyumba ambayo babu yetu aliipata akifanya kazi reli. Mama alitoka asubuhi na kurudi amechoka, kwa hiyo Shiru ndiye aliyenilea, na alinilea akiimba. Aliimba akiteka maji, akisuka nywele za majirani, akinichapa. Kanisani alikuwa katika sauti ya kwanza. Alikuwa na tabia mbili ambazo mwalimu wa kwaya alizikemea mpaka akachoka. Ya kwanza, alichelewa. Kila mstari aliuanza nyuma kidogo ya wenzake, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango. Ya pili, neno la mwisho la mstari lilishuka chini ya noti yake, likakaa huko kidogo, kisha likapanda taratibu mpaka mahali pake. Kanisa zima lilikuwa limezoea kulisubiri.

Kisha akaota rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mwanzoni alilifunga kitambaa, likakua, ikawa hata kumeza ni kazi. Daktari akampa siku ya upasuaji, wiki tatu mbele, na akamweleza wazi kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita pale pale. Mara nyingi hakuna shida, alisema, lakini hawezi kuahidi. Shiru alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Macha, wewe si ndio hurekodi watu?"

"Ndio mimi."

"Basi nirekodi na mimi. Niimbe tu vile huwa naimba. Sauti ikienda, nataka Njeri awe nayo. Ana miaka mitatu, hatakumbuka."

"Haitaenda, Shiru."

"Hiyo si wewe wa kusema. Wewe kuja na maiki."

Njeri ni binti yake. Wimbo aliotaka kuuimba alikuwa ameutunga mwenyewe akimwogesha: mistari minane tu kuhusu maji, sabuni na mtoto anayekataa kutoka kwenye karai.

Nilikwenda Kaloleni Jumapili baada ya kanisa. Nilifungua kabati la nguo nikamsimamisha mbele yake, nguo zimeze mwangwi, nikatundika blanketi dirishani. Hii mbinu ni nzuri na haigharimu kitu, itumieni. Njeri tulimpeleka kwa jirani. Shiru aliimba mara moja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Katikati ya mstari wa tano alicheka kidogo, akaendelea. Alipomaliza akashusha mabega.

"Basi. Imetosha, ama?"

"Moja tena."

"Hiyo ilikuwa na shida gani?"

"Ulicheka hapo katikati."

"Nilicheka kwa sababu hapo ndio Njeri hunimwagia maji."

"Moja tena tu, Shiru. Safi."

Alirudia. Niliisikia pikipiki nje, nikamwambia arudie. Akavuta pumzi kwa nguvu, arudie. Alichelewa, bila shaka alichelewa, arudie. Kufikia ya kumi alikuwa ameweka mkono shingoni.

"We Macha," akaniambia, "unarekodi mtu ama unakamua ng'ombe?"

Nilicheka, nikabonyeza kitufe tena. Tulifika kumi na nne. Ile ya mwisho sauti yake ilikuwa imechoka, na nilijua imechoka, na niliiweka pia.

Nitakiri jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Kufikia ya tatu sikuwa tena nikimrekodia Njeri. Nilikuwa tayari nasikia midundo chini ya ile sauti, kinanda cha sinthi kinapanda, teke linaingia mstari wa pili. Niliwaza kwamba huu ndio wimbo utakaonitoa. Miaka minane nilikuwa nimechanganya nyimbo za watu waliokuwa wakisonga mbele, na mimi nilibaki yule jamaa wa Tena mwenye blanketi ukutani. Dada yangu aliniomba kumbukumbu ya mtoto wake, mimi nikaondoka pale na malighafi.

Sasa sikilizeni kuhusu njia yangu ya kazi, kwa sababu najua wengi wenu mnaitumia. Mashine zenu ni kama yangu ilivyokuwa, mtumba, diski ndogo, imejaa siku zote, inakwama ukifungua vitu vitatu. Kwa hiyo unafanya hivi: ukishasafisha sauti, unaitoa upya pamoja na marekebisho yote iwe faili moja, kisha unaifuta ile ghafi ili upate nafasi. Unajiambia ghafi ni ya nini, nina iliyo bora. Hakuna aliyenifundisha hivyo na hakuna aliyenikataza. Shida za kujifunza peke yako ndizo hizo. Hakuna mtu wa kukaa nyuma ya kiti chako na kusema ngoja.

Jumatatu nilikaa nikachagua. Mstari wa kwanza niliutoa kwenye rekodi ya tatu. Nusu ya wa pili ilitoka kwenye ya saba, neno moja kwenye ya kumi na moja. Nikavishona. Nikafuta pumzi zote. Nikausogeza kila mstari uanze pale pale mdundo unapoanza, kichwa kwa kichwa. Zile noti zake za mwisho, zinazoshuka na kukaa, nikazinyoosha. Kisha nikaitoa upya, nikafuta rekodi zote kumi na nne, nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Nilihisi vile unavyohisi ukimaliza kupiga deki na bado hakuna aliyekanyaga.

Toleo la kwanza lilikuwa tayari Jumatano. Besi ilijaa mno. La pili nikapunguza besi, sauti ya Shiru ikawa nyembamba. La tatu nikainenepesha. Mnajua jinsi inavyokwenda. Ukigusa kimoja kingine kinalia. La tisa nilimpelekea Mama Rashid, akalicheza kwenye ile redio ndogo, akasikiliza mikono ikiwa juu ya kaunta.

"Hii imeisha. Mpelekee mwenye sauti."

"Bado, Mama. Herufi ya 's' inachoma masikio."

"Inamchoma nani?"

"Mimi."

"Basi nenda duka la dawa. Wimbo mpelekee mwenyewe."

Sikupeleka. Nilikuwa naogopa. Sijui kama mtanielewa ninyi msio na ugonjwa huu. Mtu akisikia kazi yangu ikiwa na doa moja, mimi huona kwamba amelisikia doa na hakusikia kitu kingine. Kwa hiyo ninachelewesha, na nikichelewesha naita jina zuri, nasema napenda kazi nzuri. Shiru alipiga simu wiki ya pili.

"Macha, wimbo uko wapi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ya nini? Kwani unachemsha githeri ya mahindi makavu?"

"Nataka iwe sawa."

"Mimi nilikuambia iwe sawa? Nilikuambia uniletee."

Akapiga tena siku mbili kabla ya upasuaji. Nikamwambia nitakuja nayo hospitalini.

Na nilikwenda nayo. Hili ndilo jambo lenyewe. Nilikuwa na toleo la kumi na saba kwenye simu na hedifoni mfukoni. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha wodi, amevaa lile gauni la kufunga mgongoni, akitania wauguzi kwamba wamkatie na tumbo kwa bei moja. Aliponiona alinyoosha mkono.

"Umekuja nayo?"

Nilikuwa nimeisikiliza njiani. Kwenye mstari wa sita kulikuwa na mlio mdogo mahali nilipounganisha maneno mawili, mlio ambao bila hedifoni huwezi kuusikia. Nikausikia tu huo.

"Bado," nikasema. "Ukitoka itakuwa tayari. Itakuwa zawadi."

Alinitazama kidogo, akasema sawa, akaniuliza kama nimekula. Kisha wakaja kumchukua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Rovu lilitoka lote, na daktari alisema halina ubaya. Lakini Shiru alipojaribu kuomba maji ilitoka hewa tupu. Tuliambiwa tusubiri, mshipa umeshtuka, huweza kurudi. Tulisubiri wiki, kisha miezi. Sauti ilirudi nusu: nzito, yenye mkwaruzo, haipandi. Anaweza kununua kitunguu nayo, anaweza kumwita Njeri kama Njeri yuko karibu. Kuimba haiwezi. Jumapili moja alijaribu na kwaya, akafungua mdomo mahali pa kupanda, pakawa kimya. Alikunja kitabu cha nyimbo akaenda kukaa kwenye benchi na watu wengine. Hajarudi kule mbele.

Na mimi nilifanya nini? Mtu mwenye akili angekimbia Kaloleni siku ile ile na chochote alichonacho. Mimi nilijiambia sasa ndiyo hii sauti pekee iliyobaki, kwa hiyo lazima iwe kamili. Nikaendelea. La ishirini. La thelathini. Nilibadilisha midundo mara mbili. Nilinunua hedifoni nyingine. Shiru aliacha kuuliza.

Toleo la arobaini na moja lilinituliza. Nililisikiliza mara tatu na sikukuta cha kugusa. Nililipeleka Kaloleni Jumamosi mchana, nikiwa nimebeba spika nzuri niliyoazima kwa Mama Rashid. Shiru alikaa kitini. Njeri alikuwa ametimiza miaka minne, alikuwa sakafuni na vifuniko vya chupa. Nikabonyeza.

Ilisikika vizuri. Lazima niseme hivyo, ilisikika vizuri kama nyimbo za redioni. Mdundo ulipoingia Njeri aliacha vifuniko akainuka akacheza, akizungusha kiuno vile watoto wanavyoiga wakubwa, akirukaruka, akipiga makofi. Nilimtazama nikafurahi mpaka nikasikia aibu. Wimbo ukaisha, akasema, "Rudia, anko!"

"Ameupenda," nikamwambia Shiru.

"Ameupenda," akasema kwa sauti yake mpya. "Lakini hajaniangalia hata mara moja."

Nikazima spika.

"Macha, huyo anaimba ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi huanza hivyo? Kama nafukuzwa?" Akapumzisha koo kidogo. "Na hapo kwa karai. Kicheko kiko wapi? Na hewa je? Huyo mtu hana mapafu?"

"Nilisafisha kidogo."

"Ni wimbo mzuri. Utie kwa redio ukitaka, weka jina la mtu mwingine. Mimi niletee ile ya kwanza. Ile nilicheka."

Nikamwambia nitaitafuta. Nilijua haipo, lakini nilisema nitaitafuta.

Kuna fundi mmoja mjini anayerudisha faili zilizopotea. Nilimwachia mashine siku mbili. Niliporudi aligeuza skrini nione.

"Kaka, hizo za zamani zimeandikiwa juu. Hapo zilipokuwa pamejaa vitu vingine."

"Vitu gani?"

Akasoma polepole: "Shiru mpya ishirini na mbili. Shiru mpya ishirini na tatu. Shiru mwisho. Shiru mwisho kabisa. Shiru mwisho kweli." Akanitazama. "Huyu Shiru ni nani, boss? Alikusumbua sana."

Nafasi iliyokuwa na sauti ya dada yangu nilikuwa nimeijaza mwenyewe, toleo juu ya toleo, nikiitengeneza sauti ya dada yangu.

Nilitoka kwa fundi nikaenda moja kwa moja Kaloleni, nisije nikapata nafasi ya kutunga maneno. Shiru alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe kwenye sinia. Nilisimama.

"Ile ya kwanza haipo."

"Iko wapi?"

"Niliifuta."

"Na ya pili?"

"Zote, Shiru. Zote kumi na nne. Jumatatu ile ile."

Shiru wa zamani angenipigia kelele mpaka majirani wa safu ya tatu watoke. Alifungua mdomo, nikaona shingo inakaza pale kwenye kovu, ikatoka sauti kama kitambaa kinachochanwa, akaacha. Akachukua maharagwe mabovu mawili akayatupa nje. Baada ya muda akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ile siku hospitali. Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mfukoni?"

"Kwa simu. Ilikuwa na mlio mdogo mstari wa sita."

Alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea taarifa ya mtu mwingine.

"Ungenipa niisikie, ningekuambia hapo hapo si mimi. Ungetoa simu tu, ningeimba tena pale kwa kitanda. Nilikuwa na saa nzima, Macha. Nilikuwa nimelala tu nikiangalia dari."

Hilo ndilo jambo nisiloweza kulisema kwenye kaunta. Muda ulikuwepo. Sauti ilikuwepo. Simu yangu ingerekodi. Kilichokosekana ni mimi kukubali kuonekana na kazi yenye doa.

Nikakaa chini kando yake. Akanisukumia sinia, tukachambua maharagwe pamoja mpaka yakaisha.

Wimbo haukutoka. Nilimaliza kazi nilizokuwa nimeahidi watu, nikamwomba Mama Rashid nafasi kibandani. Alinipa bila maswali, ila alisema nisiguse redio ambayo haijaharibika.

Vijana, nimewapa besi, nimewapa teke, nimewapa kabati la nguo. Hizo mbinu ni za kweli na zitawafaa. Programu zenu za sasa zitafanya usafi wote nilioufanya mimi, kwa dakika moja, tena vizuri zaidi. Kwa hiyo usafi si kazi yenu tena. Kazi yenu ni kujua cha kuacha. Mwimbaji akichelewa, muulizeni kwanza kwa nini anachelewa. Nunueni diski ya kuhifadhia ghafi kabla ya kununua hedifoni ya pili. Na kazi ikiwa nusu, pelekeni kwa mwenyewe ikiwa nusu. Atawaambia ni yeye au si yeye, na bado mtakuwa na wakati wa kurudia.

Njeri sasa ana miaka sita. Ameanza kuimba, na ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Shiru humrekebisha maneno kwa kuyasema tu, na Njeri anajua mama yake ni mtu asiyeimba.

Huwa naenda Kaloleni Jumapili. Nikifika namrekodi mmoja wao, au wote wawili wakigombana juu ya kuoga, na ile sauti nzito ya Shiru ilivyo sasa. Siirekebishi. Kabla sijaondoka namwachia Shiru rekodi kwenye simu yake, nasimama pale akiisikiliza.